UZI MAALUM: Wawindaji wa kulungu Marekani na Kanada, tupeane uzoefu, vifaa na moyo

MsasiWaKentucky

Wakuu, habari za majukumu. Kila ikifika Agosti watu wananifuata faraghani na maswali yaleyale ya kuwinda kulungu: bunduki gani, leseni inapatikana wapi, mwenye grini kadi anaruhusiwa au anajitafutia kesi. Nimechoka kuandika jibu moja kila siku. Tuyaweke yote hapa, na wazoefu wa majimbo mengine mshushe nondo zenu, maana mimi naijua Kentucky tu na kila jimbo lina sheria zake.

Karatasi kwanza. Kwa sheria ya shirikisho, mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua na kumiliki bunduki. Aliyeko kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, ila katazo hilo linamwondokea akiwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Asiye na karatasi asiguse kabisa, hata ya kuazima. Na ninyi wa bangi, hata kama jimbo lenu limehalalisha, fomu ya dukani ina swali la bangi na kuidanganya ni kosa la shirikisho. Kama faili lako la uraia bado liko mezani, muone wakili wa uhamiaji kabla ya muuza bunduki.

Hapa Kentucky aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1975 lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Masomo si magumu, mtoto wa darasa la sita anafaulu. Kisha unalipia leseni na kibali cha kulungu. Upinde unaanza Jumamosi ya kwanza ya Septemba, bunduki za kisasa Jumamosi ya pili ya Novemba. Dume ni mmoja tu kwa msimu, kwa silaha yoyote ile. Ukimpata, unaripoti Telecheck (mfumo wa jimbo wa kuandikisha mnyama uliyempiga) kabla ya saa sita usiku siku hiyohiyo na kabla hujaanza kumkata vipande.

Bunduki? Usiuze gari. Raifo ya Savage Axis au Ruger American ya saizi ya risasi .308 au .243 yenye darubini ya kawaida inatosha kabisa. Pesa iliyobaki nunua risasi ukafanye mazoezi ya shabaha. Nawajua watu wana silaha za maelfu ya dola na hawajawahi kufyatua risasi ishirini kwa mwaka.

Karibuni.

BwanaLeseni

Mkuu shikamoo, kama ni mkubwa kwangu. Niko Owensboro, kwetu Kigoma. Cheti ninacho, bunduki ninayo, na mzee mmoja Mzungu amenipa ruhusa ya shamba lake la soya na mahindi. Msimu uliopita nilitoka kapa. Siyo kwamba hawapo! Nawasikia wanakoroma kama mtu anayepenga kamasi, halafu naona mikia meupe tu inaruka inaishia msituni. Mke wangu sasa ananiita Bwana Leseni, na jina nimelichukua kama mlivyoona. Nafikiria kuuza bunduki. Nipeni sababu moja ya kutouza.

Komredi_Mbuzi

Uza, nunua mbuzi. Mbuzi hahitaji leseni.

MzeeWaFizi

Kijana, usiuze. Huyo wa mbuzi mwache.

Mimi niko Maine, umri wangu ni wa kuwa baba yako. Kule Fizi, Kongo, nilipokulia, mzee akiingia porini alikuwa na kitambaa chenye majivu. Anakipiga kidogo, anaangalia majivu yanaelekea wapi, ndipo anachagua pa kupita. Hapa nina kichupa cha unga wa talki, kazi ni ileile. Kulungu anaweza kukuona akasimama akuangalie vizuri, anaweza kukusikia akasubiri asikie tena. Akikunusa hana mjadala. Ule mkoromo unaousikia ndio huo, amekunusa au amekushtukia na anawaambia wenzake.

Kwa hiyo swali langu kwako si bunduki gani. Ulipokaa, upepo ulikuwa unatoka wapi na kulungu walikuwa wanatoka wapi? Na ujue upepo wa bondeni una tabia yake. Asubuhi jua likipasha ardhi, hewa inapanda mlima. Jioni ikipoa, inashuka na kutambaa kufuata korongo. Mtu anakaa juu jioni, anaona upepo wa kawaida uko sawa, kumbe harufu yake inateremka taratibu mpaka kwenye vichaka walikolala.

Kingine, kwetu tuliwinda kwa mbwa. Hapa Maine kumwinda kulungu kwa mbwa ni marufuku, na Jumapili hakuna kuwinda kabisa. Watu walikwenda mpaka mahakama kuu ya jimbo kuipinga hiyo Jumapili, mwaka 2024 wakashindwa. Mimi sijali, Jumapili naimba kwaya.

MsasiWaKentucky

Mzee wa Fizi heshima yako.

Bwana Leseni, tuambie: gari unaliacha wapi, unapita wapi kwenda kukaa, saa ngapi, na unavaa nini?

BwanaLeseni

Gari naacha kwenye ghala la mzee. Navuka shamba la soya hadi ukingo wa msitu upande wa pili. Naingia kama saa moja asubuhi kukiwa kumeshapambazuka, maana gizani naogopa kupotea. Nguo ni jinzi, koti zito la kazini na kizibao cha rangi ya chungwa.

MsasiWaKentucky

Sawa, mgonjwa amepatikana.

Usiku kucha kulungu wako kwenye hiyo soya wanakula. Alfajiri wanaanza kurudi msituni kulala. Wewe unavuka katikati ya meza yao wakati bado wana tonge mdomoni! Asubuhi kwenye shamba hilo achana nayo, au zunguka mbali upitie nyuma ya msitu ufike saa nzima kabla ya mapambazuko. Jioni ndiyo yako. Ingia saa nane mchana wakiwa wamelala, kaa upande ambao upepo unatoka msituni kuja kwako, wasubiri watoke wenyewe.

Halafu muombe mzee akuonyeshe mialoni iko wapi. Njugu za mwaloni mweupe zikianza kudondoka, kulungu anaisahau soya. Hazina uchungu kama za mwaloni mwekundu, kwa hiyo huanza na hizo. Mimi nikipata mwaloni mweupe mmoja unaodondosha, na chini yake kinyesi kibichi, sihitaji tena kamera za njiani wala manukato ya mkojo wa kulungu ya dola ishirini. Yale manukato, samahani kwa wanaoyauza, kwangu ni kama dawa ya mvuto wa biashara.

Rangi ya chungwa, ya kuonwa na wawindaji wenzako, haina shida, kulungu haioni kama sisi tunavyoiona. Jinzi ndiyo tatizo, macho yao yanaichukua buluu vizuri sana. Na sabuni za unga zenye king'arisho acha kabisa kwenye nguo za porini.

Ikifika Novemba mwanzoni, madume yanaingia wazimu wa kupandana, sheria zote hizi zinalegea. Dume anatembea saa sita mchana mdomo wazi, pua chini kama mbwa. Wiki hizo chukua likizo, beba chapati, kaa kutwa nzima.

DadaNesi_Columbus

Wanaume mmeongea vizuri lakini hakuna aliyetaja baridi wala kuanguka. Mimi nesi, nazungumzia ninayoyaona kazini.

Nimezaliwa Tanga. Ohio wiki ya bunduki inaanza Jumatatu baada ya sikukuu ya Thanksgiving, na kukaa saa nne bila kujitikisa kwenye hewa ile si mchezo. Pamba usivae ndani, ikilowa jasho inakugandisha. Vaa sufi karibu na ngozi, tembea kuelekea dunguni koti likiwa mkononi, livae ukishakaa. Viatu chukua namba moja zaidi ili soksi nene isibane damu. Vifuko vya kupasha joto mikononi ni vya bei ya chai, beba vingi.

Sasa dungu. Wanaojeruhiwa kwenye uwindaji wa kulungu wengi hawapigwi risasi, wanaanguka kutoka juu ya mti. Mkanda wa usalama wa mwili mzima unaunganishwa na kamba ukiwa bado chini, na kamba hiyo inakufuata mpaka unarudi chini. Watu wanajifunga wakishafika juu, wakati kuanguka kwingi kunatokea kwenye kupanda na kushuka. Bunduki unaivuta baadaye kwa kamba, chemba tupu. Huna mkanda? Kaa chini, jenga kibanda cha kujificha. Nyama ya kulungu haina thamani ya uti wa mgongo.

Na kwa walioko Ohio, hizo .308 na .243 mlizosifia hapo juu haziruhusiwi kwa kulungu huku. Ni shotigani ya risasi moja nzima, si ya chembechembe, au raifo ya ganda la risasi lililonyooka kama .350 Legend na .450 Bushmaster. Mimi natumia .350, teke lake ni dogo, bega langu halilalamiki.

Nyama_Hommie_DFW

Wasee, huku Texas story ni tofauti kabisa. Karibu ardhi yote ni ya watu binafsi, so bila kukodi shamba ama rafiki mwenye ranchi unabaki kuangalia tu. Mahindi unamwaga na mashine yenye saa, kulungu wanajua time ya lunch kuliko mimi, na ni halali. Leseni ya kawaida ya kuwinda inakupa whitetail (kulungu mkia mweupe) hadi watano, ingawa kila kaunti ina yake.

Mimi ni wa Nakuru. Huko kwetu kuwinda kulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo babangu hajawahi kuelewa vile serikali inaweza kukuuzia ruhusa ya kuua mnyama. Nikimtumia picha anauliza kama KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) wamejua.

Kwa_Mtogole_TZ

Nyie watu mnaishi. Huku ukionekana tu na kombati za kuwindia umeshakamatwa kabla hujafika porini, maana mavazi ya jeshi hayachezewi. Ukikutwa na paja la swala bila kibali ni uhujumu uchumi. Swali la kweli lakini: mamilioni ya watu wanapiga kulungu kila mwaka, mbona hawaishi?

MsasiWaKentucky

Swali zuri. Karibu waishe kweli. Kufikia mwaka 1900 kulungu mkia mweupe nchi nzima walikuwa wamebaki laki chache tu, kwa sababu watu waliwinda kwa ajili ya soko, bila msimu wala idadi. Kilichobadilika ni mambo kadhaa, kubwa ni kwamba nyama ya mnyama wa porini uliyemwinda huruhusiwi kuiuza. Ukiondoa soko, umeondoa tamaa. Halafu mwaka 1937 ikaja sheria ya Pittman-Robertson: bunduki ndefu na risasi zinatozwa kodi ya asilimia 11, na hela hiyo inarudi majimboni kuhudumia wanyama na makazi yao. Kwa hiyo nikinunua boksi la risasi nimeshachangia. Leo wanakadiriwa milioni 30 hivi, na shida imegeuka, wanagongwa na magari kila kona.

Nyumbani leseni ya mkazi ipo kisheria, TAWA (mamlaka ya wanyamapori Tanzania) wanahusika nayo. Ila mwananchi wa kijijini anaiona kama ya wenye magari ya Land Cruiser, hapo sitii neno.

AbuSalim_Ontario

Assalam alaykum. Mimi Mzanzibari, niko Ontario. Nimeona hakuna aliyegusia halali, na najua Waislamu wengi humu wanasoma kimya kimya.

Kuwinda kumeruhusiwa katika Suratul Maida, na katika hadithi ya Adiy bin Hatim imekuja wazi: ukimtaja Mwenyezi Mungu ukarusha mshale, ukamkuta mnyama amekufa kwa kuchomwa na ncha, kula. Akipigwa kwa ubapa akafa kwa kishindo, usile. Wanazuoni wengi wa sasa wanaiweka risasi kwenye hukumu ya mshale kwa kuwa inapenya mwili. Kwa hiyo bismillahi inakuja kabla ya kufyatua, si wakati wa kupika. Ukimfikia yu hai, unamchinja, kwa hivyo kisu kiwe kiunoni si garini. Na hadithi hizo hizo zinasema ukimpoteza siku nzima kisha ukamkuta hana alama ila ya mshale wako, kula ukitaka. Ukimkuta ndani ya maji, mwache. Nilipoanza kufuatilia damu msituni ndipo nilipoona maneno hayo yanazungumza na msasi hasa.

Kwetu Unguja wasasi waliingia msituni kwa mbwa na nyavu, na paa nunga sasa ni wa kutafutwa kwa tochi. Kwa hiyo nikisoma habari ya soko hapo juu nimeelewa sana.

Ontario lazima upate leseni ya silaha ya PAL kwanza, na rangi ya chungwa ni inchi za mraba 400 pamoja na kofia. Kila kitu huku kina kozi yake, subira inahitajika.

KijanaWaErie

Alaykum salaam ami, umenifumbua macho. Naongezea hapo kwenye damu, maana hapo ndipo kulungu wengi wanapotea.

Lenga nyuma ya bega, theluthi ya chini ya mwili, akiwa amekupa ubavu. Ukifyatua usikimbilie. Shika akilini mti wa mwisho ulipomuona, kaa. Kisha nenda kaangalie damu pale aliposimama. Ya waridi yenye mapovu ni mapafu, subiri nusu saa, yuko karibu. Nyekundu ya giza ni ini, mpe saa tatu nne. Ukiona majimaji ya kijani yenye uvundo, umepiga tumbo, rudi nyumbani ukalale, umfuate baada ya saa nane au zaidi. Ukimsukuma mapema atavuka kaunti. Damu ikikatika, funga kitambaa pale pa mwisho, uanze kuzunguka kwa duara. Tumia karatasi ya chooni kuweka alama, mvua ikinyesha inajiyeyukia.

Ukimpata, matumbo yatoke haraka, mwili upoe. Ning'iniza penye nyuzi 1 hadi 4 za Selsiasi, siku chache tu, nyama inalainika. Risasi ya risasi (namaanisha ya madini ya risasi) inaacha vipande vidogo sana mbali na tundu lenyewe, kwa hiyo kata kwa ukarimu kuzunguka jeraha, au tumia ya shaba kama unalisha watoto.

Huku Pennsylvania ufunguzi ulikuwa Jumatatu miaka nenda rudi, tangu 2019 ni Jumamosi baada ya Thanksgiving. Wazee wa huku mpaka leo hawajasamehe.

DadaNesi_Columbus

Na ugonjwa wa CWD msiusahau. Ni wa ubongo, hauna tiba, na kupika hakuusaidii kitu maana chanzo chake si kijidudu cha kawaida, ni protini iliyoharibika. Hajathibitika mtu aliyeupata, lakini ushauri wa CDC (taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa) ni kwamba mnyama aliyepimwa akakutwa nao asiliwe. Kentucky waliupata kwa mara ya kwanza Desemba 2023 kaunti ya Ballard. Peleka kichwa kikapimwe, ubongo na uti wa mgongo usivile. Najua kuna watu wa supu ya kichwa humu, nawatazama ninyi.

MzeeWaFizi

Mwanangu nesi, supu ya kichwa nimeacha. Imeniuma lakini nimeacha. Sasa hivi paja nalichemsha na kitunguu na pilipili mpaka liachie mfupa, kando yake sombe (kisamvu) na bukari (ugali). Mifupa ya shingo ndiyo mitamu kuliko hata ule mgongo wanaousifia Wazungu.

BwanaLeseni

Wakuu nimerudi. Bunduki za kisasa zimefungwa jana na friza bado tupu, lakini naomba mnisikilize.

Nilifanya mlivyosema. Saa nane nimeshakaa, upepo usoni, jinzi nimeiacha nyumbani. Saa kumi na moja kasoro wakatoka: majike wawili na ndama wao, halafu nyuma dume lenye pembe kama kiti cha kanisani. Yadi sitini! Hawakuninusa, hawakukoroma. Dume akasimama ubavu kabisa, bismillahi zote na Baba Yetu zote nimesema. Nikaangalia nyuma yake, naona ghala la mzee na taa ya jikoni inawaka. Sikufyatua. Nikasubiri asogee, akasogea kuelekea kulekule ghalani, giza likaingia.

Mke wangu anasema mwaka huu angalau nimekuja na hadithi.

KijanaWaErie

Umefanya sawasawa kaka. Ile risasi ingempita ikaendelea na safari. Mimi ningekupa mkono hapa hapa.

Komredi_Mbuzi

Hata mimi nimekuvulia kofia. Mbuzi bado ipo lakini.

MsasiWaKentucky

Bwana Leseni, upepo umeuelewa, njia umeielewa, na wanyama wamekuja yadi sitini hawajui upo. Hiyo ndiyo kazi ngumu, kufyatua ni sekunde. Hamisha kiti chako upande wa mashariki wa shamba ili nyuma yao kuwe na kile kilima badala ya ghala, na muombe mzee akuruhusu kuweka dungu fupi la ngazi pale. Ukiwa juu risasi inaelekea ardhini.

Na msimu haujaisha. Jumamosi ya pili ya Desemba magobore yanafunguliwa kwa siku tisa. Kufikia hapo madume yamechoka na yana njaa, yanarudi kwenye mabaki ya soya mapema jioni. Chungwa bado ni lazima.

Kwa_Mtogole_TZ

Ngoja kwanza. Huku gobore ni jela, huko gobore lina msimu wake kabisa kwenye kalenda ya serikali??

MsasiWaKentucky

Tena lina darubini, mkuu.

BwanaLeseni

Gobore sina, na bajeti ya Desemba mnaijua, watoto wanataka viatu.

MsasiWaKentucky

Ninalo la pili, silitumii. Mimi niko Bowling Green, si mbali. Jumamosi hii njoo tupige shabaha kwanza, nikuonyeshe kupima baruti na kusafisha mtutu, maana likilala chafu usiku mmoja linaanza kutu. Baruti na risasi ninazo. Njoo na leseni yako, kofia ya chungwa, na kama mke wako anapika maandazi usije mikono mitupu.